Birika la Ayeyo

Nianze na jambo moja ili nisijifiche nyuma ya maneno: nilijua. Mtu asije akanitetea kwa kusema labda sikujua. Nimekaa na jirani yangu Mwislamu miaka sita hapa Kitengela, ukuta wake ndio ukuta wangu, nimekula pilau yake kila Idi, na najua vizuri kwamba mbwa na chombo cha kutawadhia havikutani. Nilijua, na nikafanya.

Jirani mwenyewe ni mama mzee aliyetoka Garissa kumfuata mwanawe, ambaye ana duka la nguo karibu na steji. Msichana wangu wa miaka tisa humwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, na mimi nikazoea kumwita hivyo hivyo. Ploti yetu ina nyumba nne kwa mstari, mfereji mmoja wa maji ya kisima, na mbele ya mfereji slabu ya simiti ambapo sote tunafulia. Pembeni mwa slabu Ayeyo huweka birika lake la plastiki, la kijani, lenye mdomo mrefu mwembamba. Hutawadha hapo kabla ya kila swala, kwa sababu bafu letu na choo ni chumba kimoja na yeye hapendi. Hakuna aliyekuwa akiligusa birika lile. Hata watoto wa ploti, ambao huiba mpaka pegi za nguo, walikuwa wakilizunguka.

Baba wa msichana yuko Loitokitok kwenye mashamba ya nyanya, huja mwisho wa mwezi akija mapema. Nilichoka kulala na sikio moja mlangoni, nikaamua kutafuta mbwa. Mimi ni msusi, na saluni hupati mtindo wa nywele tu, unapata kila kitu. Mteja wangu mmoja, mama Mmaasai wa kule Kisaju, akaniletea kijibwa cha miezi miwili ndani ya kikapu, cheupe chenye doa jeusi jichoni. Akanicheka alipoona nakinusa.

"Huyu mvua ndiyo itamwogesha," akasema. "Wewe usijisumbue."

Mvua gani, na ilikuwa Agosti, baridi na vumbi? Tena msichana wangu ana kifua kibaya. Daktari alishatuambia tuwe waangalifu na vumbi na manyoya. Kwa hivyo nikamwekea sharti mbele ya kijibwa chenyewe: mbwa akikaa safi, anabaki. Siku nitakayosikia kikohozi chako, anarudi Kisaju. Alikuwa amemkumbatia tayari. Alitikisa kichwa kama mtu anayekula kiapo.

Siku ya kwanza nilimwogesha vile ninavyowaosha watoto saluni, na watoto wa Kitengela wananijua. Nilimshika shingo, nikamtia kwenye karai la maji baridi, nikaanza na kichwa. Maji yetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hivyo nikasugua zaidi. "Tulia wewe! Kwani unachunwa?" Alipiga mayowe ambayo sijawahi kusikia kwa kiumbe kidogo hivyo. Akaniuma kidole, akaruka, akajificha chini ya tangi la maji, akakaa huko akitetemeka mpaka jioni. Msichana alilala kifudifudi kwenye simiti akimbembeleza kwa chapati. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ayeyo peke yake hakucheka.

"Maskini," akasema. "Mnyama mdogo hashikwi kwa hasira, binti yangu. Hata mbuzi."

Nilikasirika. Nani ameuliza? Lakini siku mbili zilizofuata kijibwa kilikuwa kikiona karai tu kinakojoa hapo hapo kiliposimama. Nikaenda kwa duka la dawa za mifugo kutafuta kitu cha kumpaka. Dada wa pale alinisikiliza, akakunja mikono.

"Mama, ulikuwa unamwogesha ama unampiga?"

Akanifundisha. Kijibwa lazima kizoee kila kitu kwanza, kikiwa kikavu na kimetulia. Mwache anuse brashi, mwache alambe chombo cha maji, mpe kitu kitamu hapo hapo. Leo mguse masikio basi, kesho miguu, kesho kutwa katikati ya vidole. Maji yawe ya uvuguvugu, yaanze mgongoni, kichwa kiwe mwisho, na yasimwagike kwa kishindo. Yatiririke.

"Tafuta kitu chenye mdomo," akasema.

Brashi nilikuwa nayo, ya nywele za watoto, laini. Kwa wiki moja tulimzoesha, mimi na msichana, kila asubuhi kabla sijafungua saluni. Sikio, kipande cha chapati. Mguu, kipande cha chapati. Haki ya Mungu, nilijiona mtu mpya. Nilikuwa naongea na mbwa kwa sauti ambayo wateja wangu hawaijui. Shida ilikuwa maji. Nilijaribu kwa kikombe, yakaanguka pwaa, akakimbia. Nilijaribu kwa jagi, akakimbia. Tulikuwa tumekaa hapo kwenye slabu, msichana amevunjika moyo, nami nikainua macho nikaona birika la kijani.

Birika kama lile linauzwa kila duka kuanzia hapa mpaka Namanga. Ningelinunua siku hiyo hiyo nikitoka kazini. Hadi leo nikijiuliza kwa nini sikununua, jibu ni kwamba lile lilikuwa hapo na mwenyewe hakuwa hapo. Ayeyo huenda dukani kwa mwanawe asubuhi na kurudi kwa swala ya mchana.

"Mami," msichana akasema, "si hiyo ni ya Ayeyo ya kuswalia?"

"Tutaiosha. Na usimwambie."

Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia chini. Nikachukua samli kwa ncha ya kidole, nikapaka mdomo wa birika, nikamsogezea kijibwa. Akanusa. Akalamba. Akalamba tena, mkia ukaanza kutikisika, na mimi nikamwaga maji ya uvuguvugu polepole, uzi mwembamba kabisa, kutoka mabegani kushuka mgongoni. Hakukimbia. Alisimama, akafumba macho. Msichana aliziba mdomo kwa mikono miwili ili asipige kelele za furaha. Nikamaliza, nikalisuuza birika mara moja, nikalirudisha mahali pake na mdomo ukielekea ukutani, kama nilivyolikuta. Hiyo ya kuelekeza mdomo ukutani ndiyo inayonichoma. Mtu asiyejua anafanya nini harudishi kitu kwa uangalifu hivyo.

Tukawa tunafanya hivyo karibu kila siku. Kijibwa kiling'aa. Kikajifunza kwamba maji yakilia ndani ya birika, kuna samli, kuna joto, kuna mikono mizuri. Kikisikia tu mlio wa kujaza, kinakuja mbio, kinaketi kwenye slabu na kuinua mguu wa mbele, tayari kuoshwa. Nilijisifu saluni. Nilimwonyesha kila mteja picha kwenye simu. Wakaniambia nifungue saluni ya mbwa.

Wiki ya tatu baridi ilikaza na kifua cha msichana kikafunga. Tulilazwa siku nne, daktari akasema ni nimonia. Baba yake alikuwa njiani kutoka Loitokitok na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali na kandambili za kuogea, kwa sababu nilitoka nyumbani mbio. Ayeyo ndiye aliyekuja. Alileta uji kwa thamosi, akanifunika na shuka yake. Akaniambia anaamka kabla ya alfajiri kumwombea mtoto, na mchana anaongeza rakaa kwa ajili yake, kila siku, bila kukosa.

"Nimemwambia Mungu, huyu ni mjukuu wangu. Asiangalie sisi ni dini gani."

Nililia begani pake. Na nikiwa hapo hapo begani pake nililikumbuka birika. Nilimwona akiinama baridini na magoti yake mabovu, akijiosha mikono, mdomo, uso, kwa kitu nilichopaka samli mbwa akalamba. Ningemwambia wakati ule. Nilisema tu, "Asante, Ayeyo."

Msichana alipona. Unaweza kufikiri niliacha. Aiya! Nilipumzika siku chache, kisha kijibwa kikaanza kunuka na mimi nikaogopa kifua, nikasema mara moja tu. Mara moja ikawa kama zamani.

Kilichoniumbua ni kwamba nilikuwa nimemfunza vizuri. Ilikuwa Jumamosi mchana, kila mtu yuko nje. Ayeyo akajaza birika. Kijibwa kilikuwa kimelala mlangoni pangu, kikainua masikio, kikakimbia moja kwa moja mpaka kwake, kikaketi miguuni pake, kikainua mguu wa mbele, kikamwangalia usoni. Ayeyo akaruka nyuma, akavuta dira lake juu.

"Huyu anataka nini kwangu?"

Majirani wakanitazama. Msichana akanitazama. Nikacheka. Haki nilicheka.

"Anakupenda, Ayeyo! Wanyama wanajua watu wazuri."

Alimtazama kijibwa kwa muda. Uso wake ukalainika. Tangu siku ile akawa anakisemesha kwa mbali, kwa Kisomali, na jioni anatupa mifupa ya mbuzi nje ya geti kwa ajili yake. Akawaambia wanawake wenzake waliomtembelea kwamba jirani ana mbwa mwenye adabu, anayemheshimu mtu anayekwenda kuswali. Nilikuwa nikiwasikia wakishangaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki moja baadaye alibisha mlango wangu, birika mkononi. Alikuwa amelishika kwa kitambaa. Kwenye mdomo, palipokuwa na mafuta kidogo, pameganda nywele tatu nne nyeupe, fupi.

"Hii ni nini, binti yangu?"

Sikuweza kusema ni za mbuzi. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya karai, na dada wa dawa za mifugo, na maji ya kutiririka, maneno yakitoka mbio mbio kama ya mtoto aliyevunja sahani. Hakunikatiza. Aliketi kwenye stuli yangu, ile ya kusukia, akaweka birika sakafuni.

"Tangu lini?"

Ilikuwa wiki sita kasoro siku chache. Naijua siku tuliyoanza kwa sababu msichana aliichora kwenye kalenda, na kalenda ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa cha Ayeyo, na kila siku tuliyomwogesha kuna kiduara cha kalamu nyekundu. Nilikuwa naviona viduara vile nikisema.

"Wiki mbili, Ayeyo. Wiki mbili tu."

Akafumba macho. Akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Kisha akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Basi zile nilizomwombea mtoto ni salama."

Msichana alikuwa kitandani na kitabu chake. Alifunika uso na kitabu.

Ayeyo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, mimi najua kugombana, nimezaliwa Machakos kwenye nyumba ya wasichana saba. Aliniachia birika. "Hili ni la mbwa sasa," akasema, akaenda kununua lingine, la bluu, na kuanzia siku hiyo akawa analiweka ndani. Kesho yake alinieleza kwamba amemuuliza sheikh. Sheikh amesema maadam hakujua, Mungu anaelewa, asijitese. "Lakini roho yangu inakataa," akasema. "Nitazirudia zote. Wiki mbili si nyingi."

Ukuta wetu ni wa mawe mepesi, kila kitu kinapita. Miaka sita nimeijua swala yake kama ninavyojua saa ya ukutani: mkeka, sauti ya chini, kimya, magoti. Sasa kila swala ilikuwa mbili. Anamaliza, anakaa kidogo, kisha namsikia akishika kitanda ili asimame, "yaa Rabbi," na kuanza upya. Alfajiri mbili. Mchana mbili. Alasiri, magharibi, isha. Nilikuwa naosha vyombo nasikia. Nasuka mtoto wa jirani sebuleni nasikia. Magoti yake yalivimba, akawa anayapaka dawa ya kuchua, na harufu ikawa inaingia kwangu chini ya mlango.

Nami nikapata kisingizio kizuri. Nilijiambia: mwangalie magoti yake. Ukimwambia ukweli unamwongezea wiki nne nyingine. Utakuwa umemuua mama wa watu. Nyamaza, hiyo ndiyo huruma. Nilijisemea hivyo mpaka nikawa karibu kujipongeza.

Kijibwa wakati huo kilikuwa hakiogi. Kila nikishika lile birika la kijani mikono inakataa. Manyoya yakawa magumu kwa vumbi, na msichana akawa anakipiga brashi peke yake, asubuhi na jioni, bila kuniomba chochote. Hakuwa ananisemesha sana. Nikimuuliza kuna nini, anasema hakuna.

Siku ya kumi na tano ilikuwa Jumapili. Tumetoka kanisani, tukamkuta Ayeyo amesimama mlangoni pangu amevaa dira jipya, ameshika sahani imefunikwa na kitambaa. Sambusa, bado zina moto.

"Nimemaliza, binti yangu!" Alikuwa anatabasamu uso mzima. "Jana isha nilimaliza. Sasa hakuna kitu kati yangu na wewe. Kuleni."

Nikapokea sahani. Nikasema asante. Nikasema Mungu akubariki. Akarudi kwake akichechemea, na mimi nikaweka sahani mezani na kumwambia msichana anawe mikono. Hakusogea. Nilichukua moja nikamkabidhi mkononi, akaishika, akaiangalia, akairudisha kwenye sahani polepole sana, na kuipanga pale ilipokuwa.

"Mimi sina njaa, Mami," akasema.

Mtoto huyu anapenda sambusa kuliko mimi mamake. Nilifungua mdomo nimgombeze kwa kukataa chakula cha watu. Nikaona kalenda. Nikaona vile anavyoniangalia, bila hasira, kama mtu anayengoja. Nikafunika sahani na kitambaa chake, nikatoka.

"Hodi."

"Karibu. Aa, mbona mmerudisha? Hazina chumvi?"

"Ayeyo, haikuwa wiki mbili."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka akijichua goti. Mkono ukasimama.

"Ngapi?"

"Sita."

Nikaharakisha kujieleza, ndiyo tabia yangu. Nikamwambia nilikuwa nataka kumwambia, nikamwambia nilimsikia akisimama kwa shida, nikamwambia niliyaogopa magoti yake.

"Magoti yangu usiyaingize," akasema. Hakupaza sauti. "Magoti ni yangu. Uongo ni wako."

Nilisimama pale na sahani mikononi. Sikujua niiweke wapi. Aliangalia ukutani, ukuta ule ule wetu sote, na nikaona anahesabu tena, akirudi nyuma, wiki kwa wiki. Nilijua atafika wapi kabla hajafika. Alipofika, aligeuka.

"Na zile za mtoto?"

"Na zile za mtoto, Ayeyo."

Alishika kitanda, akasimama. Ilimchukua muda na sikuthubutu kumpa mkono. Akachukua birika la bluu nyuma ya mlango, akapita mbele yangu bila kunigusa.

"Basi nitaanza na hizo," akasema.

Akaenda kwenye mfereji na kufungua maji. Kijibwa kikasikia. Kikatoka mbio kwangu, manyoya yamejaa vumbi, kikaketi kwenye slabu mbele yake na kuinua mguu. Ayeyo akasimama na birika mkononi, akingoja. Nikaweka sahani chini, nikaenda nikakibeba, nikaingia nacho ndani na kufunga mlango.